Chui wa Mguu Mmoja

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya tisa juu ya dungu. Nguzo nne za mkoko, chanja, makuti ya kivuli — na mimi juu yake, nimekaa kama saa ya ukutani iliyokwisha betri. Chini yangu mpunga wa Khamisa, umeanza kutoa masuke. Bonde lote la Mvumoni naliona, kutoka barabara ya vumbi mpaka mikokoni. Huko mjini Mlandege sijapata kukaa juu namna hii.

Kazi: kufukuza ndege. Khamisa mwenyewe, mke wangu, yuko Maskati, kenda kumlea mjukuu. Alisema miezi mitatu. Huu wa kumi na moja. Mjukuu keshaanza kutembea. Bibi yake bado.

Kapiga jana. "Baba Yusra, mpunga wangu usiliwe." Nikasema hautaliwa. Hakuuliza kama mimi naliwa. Mbu wa hapa wanaanza saa kumi na mbili kasorobo, kwa saa yangu, na hawachelewi hata dakika tatu.

Kibanda changu cha kutengeneza saa nilikifunga Februari. Watu wanatazama saa kwenye simu. Mteja wa mwisho kuingia alikuja kuuliza njia ya Darajani.

Leo: tongosimba, makundi matatu, kama mia na ishirini. Wadogo kuliko dole gumba, kelele kama mkutano. Kunguru wanne, wezi. Mdiria mmoja juu ya mkoko, buluu tupu, hakukamata kitu tangu asubuhi. Nimempenda.

Jumanne, 3 Juni

Nimefunga saa ya kengele kwenye kamba ya makopo. Ikilia, inavuta, makopo yanagongana. Asubuhi tongosimba waliruka wote. Mchana mmoja katulia juu ya kengele, ikalia, kasubiri imalize.

Jumatano, 4 Juni

Kima punju wamekuja kwa Bi Tahiya. Bi Tahiya ndiye jirani yangu. Konde lake limepakana na hili, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya mikoko. Ana kama miaka sabini na tano, meno hana hata moja, macho anayo ya kutosha watu watatu.

Walikuwa kumi na mmoja. Migongo myekundu, nywele zimesimama kama watu waliogutushwa usingizini. Wamekula majani ya mkungu kuanzia saa moja. Saa mbili na robo wameshuka uani, kwenye gunia lake la makaa. Kila mmoja kipande chake. Wakakaa juu ya ukuta wakatafuna makaa — kwa adabu, kama watu wanaokula halua kwenye hitima.

Nadhani majani yale yanawachafua tumbo na makaa ndiyo dawa yao. Sikusoma popote. Nimetazama siku tatu, mpango ni ule ule: majani, kisha makaa.

Nikamwita Bi Tahiya kutoka juu, nikamwambia wanakuibia. Kajibu bila kuinua kichwa, "Waache. Hao angalau wanakuja."

Alkhamisi, 5 Juni

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Kichaka cha maweni, ng'ambo ya tuta, hatua sitini kutoka hapa. Kima walikuwa juu wanaangusha majani na maua. Chini yao kitu kikaja kuokota.

Paa. Lakini si yule mdogo wa kijivu anayekimbia kila siku. Huyu mwekundu wa udongo, kishungi utosini, na nyuma mkanda mweupe, kama aliyekalia chokaa.

Paa nunga! Nimeandika na nimepiga mstari chini yake.

Mara ya mwisho kumsikia anatajwa nilikuwa mtoto, na waliomtaja walikuwa wanasikitika. Tumbo lake limeshuka. Ana mimba. Kala dakika kumi na nne, masikio hayakutulia. Nilipopiga chafya, hayupo.

Sina wa kumwambia. Nimemwambia mdiria.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Bonde tupu. Hata ndege wachache, nadhani wamekwenda kwa jamaa zao. Yusra, binti yetu, katuma sauti kutoka Maskati, nyuma Khamisa anacheka na watu nisiowajua. Nimeisikiliza mara nne. Kicheko kiko sekunde ya tisa.

Saa saba Bi Tahiya kaja kwenye tuta na sufuria kichwani. Yeye hawezi kupanda, mimi ndiye nashuka.

"Shikamoo Bi Tahiya. Idi mubaraka."

"Marahaba baba. Kula, isije ikapoa."

Supu. Kila Ijumaa ananiletea, leo kaongeza kwa ajili ya sikukuu. Ananunua robo ya nyama, anaichemsha mpaka inakata tamaa. Mchuzi anakunywa yeye. Nyama nakula mimi. Tumekubaliana hivyo bila kuambiana.

Nikataka kumwambia habari ya paa. Nikaona neno likishatoka kinywani halina mlango. Sikumwambia.

Jumanne, 10 Juni

Haroub kapita na mbwa wake saba. Haroub ndiye mkubwa wa wasasi wa hapa. Ana nyavu, mbwa, filimbi, na sauti ya mtu aliyezoea kuitika mwenyewe akijiita.

"Fundi, Jumapili tunasaka kichaka chote hicho, mpaka mikokoni. Nguruwe wamemaliza mihogo ya watu. Wewe kaa huko huko juu, kitu kikitoka upande wako upige kelele."

"Kitu gani?"

"Chochote chenye hatia, au chenye nyama."

Nikamuuliza, na paa je?

"Paa hana hatia," kasema Haroub. "Nyama anayo."

Kaenda zake. Mbwa wa mwisho kakojolea nguzo ya dungu.

Jumatano, 11 Juni

Kazaa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mahali pale pale. Mtoto ni kitu cha miguu tu, mwili kama umesahauliwa. Alisimama, akaanguka, akasimama. Mama kamlamba mpaka kamwangusha tena.

Nimepiga picha kwa simu. Nimemtumia Ahmada, mtoto wa dada yangu, anayeongoza watalii kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani. Nimemuandikia: paa nunga, ana mtoto, Jumapili watu wanaingia na mbwa.

Jibu: "Mjomba, hii kuku?"

Nikampigia. Kaitazama tena. Kasema anaona doa jekundu na kidole changu. Kasema atawaambia wakubwa, lakini wakubwa watataka picha safi, na barua, na barua itataka wiki. Nikasema msako ni Jumapili. Kasema, "Basi mjomba waombe wasiende." Kijana mwema. Hajapata kumuomba Haroub kitu.

Nikimwambia Haroub kuna paa nunga na mtoto, nitakuwa nimempa anwani.

Alkhamisi, 12 Juni

Nimekata kandambili.

Ni ya Khamisa. Aliziacha pea moja alipoondoka, nami nilikuja nazo huku nikaziweka mlangoni mwa kibanda ninacholala hapa kondeni, mtu akipita aone nyumba ina mwenyewe. Ya kulia ndiyo nene zaidi.

Kisu cha kufungulia saa, lensi jichoni, kazi ya saa mbili na dakika hamsini. Unyayo: vidole vinne na kitako. Kucha sikutia: mbwa ndiye anayeacha alama za kucha, paka huzificha. Hilo nililijua kwa paka wa Darajani, waliokuwa wakitembea juu ya saruji mbichi mbele ya duka. Ukubwa nikachukua paka mara nne. Nikaupigilia misumari kwenye ncha ya fimbo.

Chui. Wanasema wamekwisha kisiwani, na wanaosema hivyo husema kwa sauti ya chini.

Kazi nzuri. Tangu Februari mikono yangu haijafanya kitu kidogo na sahihi namna hii.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri, kabla ya mtu kuamka, nimezitia nyayo kwenye tope la mfereji. Kumi na nane, kutoka kichakani mpaka njia ya Haroub na kurudi. Nikarudi juu nikafukuza ndege kama mtu asiye na habari. Saa moja nikamwita Haroub.

Kainama. Kapima unyayo mmoja kwa kiganja, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena.

Mbwa walinusa. Wakaona ni mpira, wakaondoka zao.

"Umeona?" kaninong'oneza Haroub. "Wameogopa."

Kufika adhana ya Ijumaa msako ushaahirishwa. Paa kala dakika ishirini na mbili leo, mtoto ubavuni. Nimecheka peke yangu juu ya dungu mpaka chanja ikatikisika.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya msako usiokuwepo. Upepo wa kusi, baridi kidogo asubuhi. Dudumizi kalia mara tisa, mvua haikuja. Mdiria kakamata kitu! Kaa mdogo, kampigiza kwenye mti mara sita. Mtoto wa paa anajua kukimbia sasa, hajui kusimama.

Jioni Haroub kapita bila mbwa. Kasimama chini, mikono nyuma.

"Yakhe, nyayo zile. Unadhani wa nani?"

"Nini wa nani?"

"Chui. Chui wa nani?"

Nikasema wa porini. Kanitazama kama nimesema saa inajitia ufunguo.

Nimezaliwa kisiwa hiki, miaka hamsini na minane. Tangu nina akili nasikia: hapa chui hana pori, ana mwenyewe. Mtu anamfuga, anamlisha, anamtuma. Nimekata vidole vinne na kitako kwa lensi, nimehesabu mpaka mwendo wa hatua — na swali la kwanza kabisa, swali ambalo mtoto wa chuo cha Kurani angeuliza, nimelisahau.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda dukani kununua betri na chumvi. Watu watano barazani. Nilipofika wakahamia mazungumzo ya mpira. Nilipogeuka kutazama chumvi wakarudi.

Muuza nyama ndiye aliyekuwa akisema. Anasema kila Ijumaa Bi Tahiya ananunua robo kilo. Kila Ijumaa, mvua, jua.

"Na meno hana," kasema mwengine.

"Hata la kumtolea mfano."

"Sasa mtu hana meno, nyama ya nini?"

Wakatikisa vichwa wote, kwa raha ya watu waliopata jawabu.

Nilikuwa na la kusema. Maneno mawili tu: naila mimi. Nikalipia chumvi. Nikajiambia yatapita, watu wa bonde wana mavuno ya kufikiria. Nimetembea mpaka dunguni nikikumbuka kuwa betri sikuchukua.

Alkhamisi, 19 Juni

Wamekwenda kwa Bi Tahiya. Sheha mwenyewe, mkuu wa kijiji, na Haroub, na wanaume wawili. Saa nne na dakika tano. Wamekaa kwenye mkeka uani, chai ikaletwa. Kutoka hapa naona vichwa, na upepo ukiwa upande wangu nasikia.

Kwa adabu sana. Sheha kasema hawakuja kwa ubaya.

"Bi Tahiya, kila mtu na urithi wake. Sisi hatuulizi. Ombi letu dogo: umfunge siku moja tu, Jumapili, kutwa, tupite na mbwa. Magharibi umfungue."

"Nimfunge nani?"

"Mnyama wako."

"Mie nina kuku watatu."

"Hatusemi unaye," kasema Haroub. "Tunasema umfunge."

Bi Tahiya kawaongezea chai. Kasema hana chui, hajapata kuwa naye, na angekuwa naye angemtuma akawafukuze kima kwenye makaa. Mmoja akacheka, sheha akamtazama, kicheko kikafa.

Wakaondoka. Haroub aligeuka mara mbili.

Niliandika yote haya hapo hapo, kwa dakika. Huo ndio utazamaji wangu. Mdiria akikamata kaa naandika, mwanamke akikamatwa naandika.

Ijumaa, 20 Juni

Hakuna supu. Muuza nyama kamwambia imekwisha. Nyama ilikuwa inaning'inia nyuma yake.

Kaniletea muhogo wa kuchemsha. Kasema, "Leo tumelingana, hata mie natafuna." Nimekula wote. Sikumtazama usoni.

Jumapili, 22 Juni

Mbuzi wa Haroub kapotea. Kamba imebaki kwenye kigingi. Nimekwenda kuiona: imekatwa kwa kisu, sawasawa, mkato mmoja. Nikamuonyesha Haroub.

"Meno yake ndivyo yalivyo," kasema.

Chui mwenye kisu. Mwizi huyo atakuwa keshauza mbuzi, na anamuombea dua chui wangu.

Mpunga unaanza kuiva pande za juu. Wanawake wameanza kupanga zamu za kuvuna, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote pamoja na visu vyao vidogo. Yamesomwa majina kumi na manne. La Bi Tahiya halimo. La Khamisa limo, na Khamisa yuko Maskati.

Jumanne, 24 Juni

Khamisa kapiga. Kasema labda mwezi ujao, labda baada ya hapo.

"Kandambili zangu zipo?"

"Moja ipo."

"Na ya pili?"

"Kachukua mnyama."

"Mnyama gani?"

"Bado wanabishana."

Kacheka. Kile kile cha sekunde ya tisa. Nilitaka kumwambia yote, sauti ikakatika, au kakata yeye.

Jumatano, 25 Juni

Bi Tahiya kaja saa kumi, kakaa juu ya tuta. Safari hii hana sufuria.

"Fundi."

"Naam, Bi Tahiya."

"Chui wako ana miguu mingapi?"

Nikashuka. Kusikiliza hayo ukiwa juu si adabu.

"Nilikwenda kuzitazama siku ile ile," kasema, "kabla ya Haroub kuzikanyaga. Kidole kirefu kiko kulia. Hatua ya pili, kulia. Ya tatu, kulia. Nikasema, maskini huyu ama ana mguu mmoja, ama katengenezwa na mwanamme mwenye haraka."

Saa mbili na dakika hamsini, nikasema. Haikuwa haraka.

"Na mwanamke wako nyumbani ana kandambili ya kushoto tu. Mie hupita mlangoni kwako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kanitazama kama vile ananitafuta ndani ya nguo zangu.

"Ningesema, wangeingia Jumapili ile ile. Kazaa?"

Kumbe anamjua yule paa. Kasema mama yake huyu alikuwa akija mpaka nyuma ya nyumba kuokota maua ya mdimu, na mama yake yule vilevile. Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa msasi, hata yeye hakumwambia. Miaka thelathini analala na mwenye wavu.

"Kazaa," nikasema. "Tarehe kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu."

"Dume au jike?"

"Sijui."

"Mwezi mzima juu ya miti, na hujui."

Kisha kaeleza, pole pole, kama anayefundisha kuhesabu. Akisema "nimemfunga", wanaingia na mbwa. Akisema "sina", wanamwona mkaidi. Basi anasema "sina". Ndilo la kweli, na ndilo linalowaweka nje ya kichaka.

"Mpaka lini?"

"Mtoto akijua kujificha. Mwezi, miwili."

Kainuka kwa kushika nguzo ya dungu. Hakuniomba niseme. Angeniomba, ningekuwa na kitu cha kukataa.

Ijumaa, 27 Juni

Masoud, mtoto wa Bi Tahiya, kaja kutoka Jang'ombe, mjini, na gari ya kuazima. Ni fundi wa mafriji, mtu mpole, kavaa shati la kazi. Sheha ndiye aliyempigia. Uani mwa mama yake kuna mtu kamwaga takataka, na mlango umechorwa kwa mkaa — jicho moja na masharubu, mchoro mbaya sana.

"Mama, chumba kipo. Feni ipo," nasikia anasema.

"Nikae nikatazame feni?"

"Watu hawa mama, leo wamechora, kesho sijui."

"Mpunga wangu je?"

Kesho asubuhi anamchukua. Sheha kasema aende kwa heri, mbele ya watu, ili isemwe kaondoka na mnyama wake. Akishaondoka na "mnyama wake", Jumapili Haroub anaingia kichakani. Kwa hiyo kunyamaza kwangu hakuokoi hata paa. Nimeligeuza hili kila upande kama saa isiyotaka kwenda, na kosa ni lile lile kila nikifungua.

Masoud kapanda mpaka nusu ya ngazi ya dungu.

"Mjomba, weye uko juu siku zote. Hujaona kitu?"

Nikamwambia macho yangu ni ya vitu vidogo, vya karibu. Kashukuru. Kashuka.

Nikisema nyayo ni zangu, za mpira, basi hakuna chui. Bi Tahiya anabaki, na Jumapili mbwa saba wanaingia. Mtoto wa paa ana siku kumi na sita.

Nikinyamaza: feni.

Kuna la tatu. Mtu wa mjini, hana mke karibu, anakaa juu ya miti kutwa, anaandika kitu asichomuonyesha mtu. Nyama ya Ijumaa alikuwa akila yeye, na hilo halina shahidi wa kulipinga. Hata mimi ningenishuku. Wakiamini, kichaka hakiguswi, na Bi Tahiya analala kwake. Mimi ndiye nitakayekuwa na chui. Hakuna atakayenisalimia, barazani wataendelea na mpira mpaka nimalize kununua chumvi. Khamisa atasikia. Maskati inasikia kila kitu.

Naona nimeandika habari ya kutosalimiwa kama jambo geni.

Jumamosi, 28 Juni

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Wametoka wote wawili. Mtoto kasimama wima, kasikiliza, kaingia kwenye majani na sikumuona tena ingawa nilijua alipo. Anajifunza. Bado mkia unabaki nje.

Saa mbili. Gari ya Masoud imekuja. Bi Tahiya hayumo ndani yake. Yuko kondeni kwake, peke yake, anavuna. Suke moja, kisu, kiganja. Suke moja, kisu, kiganja. Kwa mwendo huo konde lile linataka siku arobaini.

Saa mbili na dakika ishirini. Wamefika watu. Nimehesabu ishirini na sita. Wamesimama juu ya tuta, hakuna aliyeshuka kwenye mpunga wake. Haroub kaja na mbwa. Masoud kashika mkoba wa mama yake, na kuku watatu miguu imefungwa. Bi Tahiya anaendelea kuvuna kama watu wale ni kunguru.

Sheha anasema. Upepo si wangu, nasikia nusu. Anasema nani asiyemheshimu Bi Tahiya. Anasema lakini.

Haroub anaonyesha mfereji. Sasa anaonyesha huku.

Wamegeuka. Nyuso zote. Sikuwahi kutazamwa na wote pamoja. Ndivyo anavyojisikia mdiria.

"Fundi!" Sheha huyo. "Hebu shuka. Weye ndiye uliyeziona nyayo mwanzo. Uje useme mbele yake."

"Naam," nimeitika. Imetoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Bi Tahiya kasita. Mara ya kwanza asubuhi hii kisu kimesimama. Hanitazami mimi. Anatazama kichaka.

Naandika haraka, herufi mbaya. Haroub anauliza nafanya nini huko juu. Masoud kawaweka kuku chini.

Nimewajibu wasubiri kidogo, natafuta kandambili yangu.

Si uongo. Nimeipata. Nang'oa misumari, fimbo isije ikanisuta. Nashuka kusema chui ni wangu.